Linki ya faiba kati ya swichi zisizo ndugu: ununue SFP ya kampuni, ununue mbadala, au uguse usanidi kwanza?

Ghorofa ya tano poti inawaka kijani. Chini, kwenye chumba cha umeme, poti ya upande wa pili wa faiba ileile imezima kabisa. Mwenye jengo kasimama nyuma yangu na funguo mkononi. "Sasa fundi, si ulisema zote ni gigi moja?"

Zote ni gigi moja kweli, mzee. Ila ya juu ni swichi ya zamani, imetoka ofisi kubwa, usanidi wake wa miaka bado umo ndani. Ya chini ni mpya, ya daraja la bei nafuu, unaisimamia kwa kivinjari. Nilibadilisha pachi kodi (kebo fupi ya kuunganishia) mara tatu, nikabadilisha SFP (kidude kinachochomekwa kwenye poti ya swichi kugeuza umeme kuwa mwanga wa faiba), nikapanda na kushuka ngazi mpaka magoti yakalalamika. Kumbe ya juu ilikuwa imelazimishwa kasi, ya chini inasubiri majadiliano, yaani swichi mbili kukubaliana zenyewe. Aliyelazimishwa akiona mwanga anawasha taa. Anayesubiri kuambiwa kitu hawashi kitu mpaka aambiwe. Dawa ilikuwa mstari mmoja wa usanidi, nami nilikuwa nimekwisha kumwambia mzee aandae hela ya SFP mbili.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue nini ili swichi A izungumze na swichi B, namrudisha kwenye jambo moja: mwanga lazima ukubaliane pande zote mbili za faiba, lakini utambulisho wa SFP unatakiwa kukubaliana na swichi iliyoibeba tu. Ndani ya kila SFP kuna kumbukumbu ndogo yenye jina la mtengenezaji, namba ya bidhaa na namba ya mfululizo. Swichi huisoma pale unapoichomeka, na baadhi ya swichi huikataa isipolipenda jina. Swichi ya upande wa pili haiisomi kamwe. Yenyewe inaona mwanga tu.

Kwa hiyo swali la "SFP gani inafanya kazi kwenye swichi zote mbili?" limekaa vibaya. Tafuta SFP mbili, kila moja ya kwao, zenye mwanga mmoja.

Mfano mzuri ni HP. Mwaka 2010 walikamilisha kuinunua 3Com, wakajikuta na familia mbili za swichi chini ya nembo moja: ProCurve yao ya tangu zamani, na zile za mfumo wa Comware. Baba mmoja, mama mbalimbali. SFP ya SX (aina ya masafa mafupi) ya ProCurve ni J4858, ya Comware ni JD118. Zote ni 1000BASE-SX, nanomita 850, konekta ya LC. Chomeka kila moja kwao, unganisha faiba, linki inapanda bila maneno. Zibadilishane nafasi, na utasikia malalamiko ingawa kila kitu kimeandikwa HP. Ndiyo maana nembo iliyo usoni mwa swichi haikutoshi. Taja modeli kamili unapoagiza.

SFP ya kampuni, mbadala, au amri ya kufungua

SFP ya kampuni ina faida moja ambayo wauzaji wa mbadala hawapendi kuitaja: ukifungua kesi kwenye msaada wa mtengenezaji, hakuna wa kukuambia "itoe hiyo kwanza ndipo tuongee". Kama jengo lina mkataba wa msaada na mtandao wake ukilala watu wanapoteza fedha, lipa tu. Bei yake ni mara kadhaa ya mbadala, hilo sibishi.

SFP mbadala ni kifaa cha kiwango kilekile ambacho kumbukumbu yake imeandikwa ili swichi fulani iitambue. Hapa ndipo swichi zisizo ndugu zinaponufaika: muuzaji mmoja anaweza kukuandikia moja kwa ajili ya swichi ya juu na nyingine kwa ajili ya swichi ya chini, zote za LX (aina ya masafa marefu), zote nanomita 1310. Muuzaji asiyekuuliza modeli ya swichi, mwache. Kuna duka nilikonunua, nikapewa SFP kumi kwenye mfuko mmoja wa nailoni, mdomoni hazina vifuniko vya vumbi. Nne kati ya hizo hazikuwa na lolote isipokuwa lebo nzuri. Hatari nyingine ya mbadala ni sasisho la programu ya swichi: iliyokuwa inakubalika jana inaweza kukataliwa baada ya swichi kuwaka upya. Weka akiba moja ya kampuni kwenye droo kwa ajili ya usiku wa sasisho.

Amri ya kufungua, yaani kuiambia swichi ikubali SFP isiyolitambua jina lake, ni ya bure. Kwenye swichi nyingi za Cisco Catalyst ni `service unsupported-transceiver`, ikifuatana na `no errdisable detect cause gbic-invalid` ili poti isizimwe kwa sababu ya jina. Upande wa Aruba ipo `allow-unsupported-transceiver`. MikroTik hawafungi kwa jina la mtengenezaji, hivyo huko suala hili halipo. Amri hizi mimi nazitumia kwa kupima: nikiiweka na linki ikapanda, nimejua tatizo lilikuwa utambulisho, naagiza SFP iliyoandikwa sawasawa. Kuiacha idumu kwenye swichi ya mteja sipendi, maana fundi ajaye hatajua ipo, na siku swichi itakaporudishwa kwenye usanidi wa kiwandani linki itakufa bila mtu kujua kwa nini.

Kwa ofisi ya kawaida, nachagua mbadala iliyoandikiwa kila upande. Ila kabla ya kununua chochote kati ya hivyo vitatu, tazama kwanza linki yako inaumwa nini.

Imezima, au imewaka lakini inamwaga hitilafu?

Haya ni magonjwa mawili. Linki iliyozima inaweza kuwa utambulisho, usanidi, mwanga usiolingana, au nyuzi zilizopishana ambapo kinachotuma kinaangalia kinachotuma. Linki iliyowaka huku hesabu ya CRC (idadi ya fremu, yaani vifurushi vya data, zilizofika zimeharibika) inapanda si ugonjwa wa jina hata kidogo. Swichi imeshaikubali SFP. Kununua SFP ya kampuni hapo ni kumtibu mgonjwa wa jino kwa miwani.

Kwa linki inayomwaga hitilafu, soma vipimo vya mwanga vilivyomo ndani ya SFP yenyewe. Kwenye Cisco ni `show interfaces transceiver detail`, Juniper ni `show interfaces diagnostics optics`, seva ya Linux ni `ethtool -m`. Utapata nguvu inayotumwa na inayopokelewa, kwa dBm: namba ikizidi kwenda hasi, mwanga ni hafifu zaidi. Kumbuka kila kushuka kwa desibeli 3 ni mwanga kupungua nusu.

Chukua linki ya 10GBASE-LR (gigi 10 ya masafa marefu, nanomita 1310) ya mita 300. Kiwango kinataka itume kati ya -8.2 na +0.5, na mpokeaji anastahimili mpaka -14.4. Swichi ya juu inatuma -2.1. Swichi ya chini inapokea -13.9. Zimepotea karibu desibeli 12 njiani. Faiba ya singomodi kwa nanomita 1310 hula takriban desibeli 0.35 kwa kilomita, kwa hiyo mita 300 hazifikishi hata robo ya desibeli. Konekta nne safi, tuseme 0.5 kila moja, ni 2. Kumi nyingine zimekwenda wapi? Sasa soma mwelekeo wa pili: chini inatuma -2.4, juu inapokea -4.5. Uzi mmoja mzima, mwingine mgonjwa. Kwa dakika mbili umejua kwamba swichi hazina kosa, SFP yaelekea hazina kosa, na cha kushughulikia ni njia ya uzi mmoja tu.

Tahadhari moja: kiwango cha vipimo hivi kinaruhusu kupotoka kwa hadi desibeli 3. SFP mbili za watengenezaji tofauti zinaweza kupima mwanga uleule zikatoa namba zisizofanana. Tofauti ya 2 usiipigie kelele. Tofauti ya 10 haina mjadala.

Uzi mgonjwa, mara nyingi mno, ni mchafu. Toa konekta, ingiza kalamu ya kusafishia, sukuma mpaka isikike "tak", mara mbili, rudisha. Kisha safisha na ndani ya SFP na adapta ya paneli kwa ncha ya kalamu hiyohiyo, maana vumbi lililokaa kule ndani litairudia konekta uliyoisafisha sasa hivi. Nimeona -13.9 ikawa -4.8 kwa "tak" mbili. Ukilinganisha kalamu na njia ya pombe ya isopropili na karatasi isiyoacha nyuzi, ya pili hutoa mafuta ya vidole vizuri zaidi, ila inataka subira ya kukausha. Njia ya tatu ni pindo la shati. Wengi wanaitumia, nami nimewahi. Kiini cha singomodi kina upana wa mikromita 9 hivi. Chembe moja ya vumbi la Dar ni kama jiwe mlangoni.

Usichungulie ncha kwa jicho kuona kama mwanga upo. Nanomita 1310 huioni, lakini jicho linaumia vilevile. Kamera ya simu inaweza kukuonyesha mwanga wa 850, yaani SX na SR, ndugu yake wa gigi 10. Kwa 1310 na 1550 haioni kitu, kwa hiyo usitangaze SFP ya LR imekufa kwa ushahidi wa simu.

Swichi inayoonyesha hitilafu si lazima iwe mkosaji

Hapa mafundi wazoefu pia hupotea. Swichi nyingi za ofisini, kama Catalyst, hupokea fremu nzima, huikagua, na ikiwa mbovu huitupa. Swichi nyingi za vyumba vya seva, kama Nexus kadhaa za Cisco, huanza kuipeleka fremu mbele kabla haijamaliza kuingia, ili kuokoa muda. Zikigundua mwishoni kwamba ni mbovu, sehemu yake imeshaondoka. Zinachoweza kufanya ni kuitia alama na kuiacha iende.

Matokeo yake: faiba iliyochafuka iko kati ya seva na Nexus, hesabu ya CRC inapanda kwenye Catalyst ghorofa tatu juu. Unasafisha linki ya Catalyst, unabadilisha SFP, unabadilisha faiba, hesabu inapanda vilevile. Futa hesabu za swichi zote kwa pamoja, subiri nusu saa, kisha ifuate hitilafu kurudi nyuma poti kwa poti, upande wa inakoingia. Poti ya kwanza kabisa iliyopokea fremu mbovu ndiyo jirani wa tatizo. Hapo uchaguzi ni kati ya kutumia hela na kutumia nusu saa, na nusu saa inashinda.

Usanidi: linganisha kwa kasi

Kwenye gigi 1, poti za faiba hujadiliana. Pande zote zijadiliane, au zote zilazimishwe. Kuchanganya kunaleta kile kisa changu cha ghorofa ya tano. Nikiweza kuchagua, naacha pande zote zijadiliane, kwa sababu zikijadiliana, uzi mmoja ukikatika upande wa pili nao unajua.

Gigi 10 za faiba hazina majadiliano ya namna hiyo. Tatizo lake ni jingine: SFP ya gigi 1 iliyochomekwa kwenye poti ya gigi 10. Kuna swichi zinazotambua zenyewe, na kuna zinazosubiri uziambie. Kwenye Nexus na MikroTik nimezoea kuweka kasi ya gigi 1 kwa mkono, kisha kwenda kuhakikisha upande wa pili nao haujadiliani.

Gigi 25 ina FEC, yaani urekebishaji wa makosa unaofanywa na poti zenyewe. Iko zaidi ya aina moja, na laini (familia) tofauti za swichi huja na chaguo-msingi tofauti. Mwanga utakuwa mzuri, SFP zitakubalika, linki itabaki imekufa. Kwa 25GBASE-SR weka aina ya RS-FEC pande zote mbili, ndivyo kiwango kinavyotaka.

Na linki ikiwaka lakini trafiki haipiti kwenye poti zilizofungwa pamoja, angalia kama upande mmoja umeachwa kwenye PAgP, itifaki ya kuzifunga poti pamoja. Hiyo ni ya Cisco, na hata ndani ya Cisco si kila laini inayo. Tumia LACP, ambayo ni kiwango cha wote.

Faiba yenyewe: ya machungwa (maltimodi, kiini kinene) au ya njano (singomodi, kiini chembamba)

| Aina | Mwanga | Faiba | Umbali |
|---|---|---|---|
| 1000BASE-SX | nm 850 | maltimodi | mita 220 hadi 550 |
| 10GBASE-SR | nm 850 | maltimodi | mita 33 kwa OM1, 82 kwa OM2, 300 kwa OM3, 400 kwa OM4 |
| 10GBASE-LR | nm 1310 | singomodi | kilomita 10 |
| 10GBASE-ER | nm 1550 | singomodi | kilomita 40 |

Tazama mstari wa SR na faiba ya OM1, daraja la zamani la maltimodi. Jengo limekuwa na SX kwa mita 150 miaka yote bila shida, mteja ananunua swichi mpya za gigi 10 na SR mbili, linki inasuasua au haipandi, lawama inaangukia "swichi za laini tofauti". Swichi zimeonewa. Hapo una njia tatu: kubaki gigi 1, kutumia 10GBASE-LRM, ambayo hufika mita 220 kwenye faiba hiyo ya zamani, au kuvuta singomodi mpya. LRM ina mtego wake, kwani si kila poti ya SFP+ (SFP ya gigi 10) inaikubali, hivyo unaweza kupata swichi moja inayoiweza na nyingine isiyoiweza. Kama kuna dari la kupitisha kebo, mimi navuta singomodi. Kazi kubwa ni ya kuvuta, kebo yenyewe si kitu, na hautarudi tena juu ya lile dari.

Kosa la kimyakimya ni pachi kodi ya machungwa kwenye linki ya njano. Mwanga ukitoka uzi mwembamba kuingia mnene unapita bila shida. Ukitoka mnene kwenda mwembamba, unakuta mlango mdogo na sehemu kubwa inabaki nje. Kwa hiyo mwelekeo mmoja unasoma vizuri na mwingine vibaya, dalili zilezile za uchafu. Ukisafisha mara mbili na namba haisogei, tazama rangi ya pachi kodi pande zote mbili.

Na konekta ya kijani usiichanganye na ya bluu. Ncha ya kijani imekatwa kwa mshazari wa digrii 8, ya bluu imenyooka, zikikutana zinaacha pengo. Faiba za intaneti za majumbani ni za kijani, na fundi aliyetoka kufunga nyumba ya mtu asubuhi hubaki nazo mfukoni mchana.

Uzi mmoja umekufa: uvute mpya au uweke BiDi?

BiDi hutuma na kupokea kwenye uzi mmoja kwa rangi mbili za mwanga. Kwa gigi 1, mara nyingi upande mmoja hutuma 1310 na kupokea 1490, wa pili kinyume chake. Kwa jengo ambalo uzi mmoja umekatika na hakuna wa akiba, BiDi inarudisha mtandao siku hiyohiyo, na kwa swichi zisizo ndugu haina ugumu wa ziada: iandike kila moja kwa swichi yake. Kosa ni kununua mbili zinazofanana. Agiza jozi, na kwenye agizo taja swichi ipi inatuma ipi.

Ndani ya raki moja: kebo ya DAC au SFP mbili?

DAC ni ya shaba, ina vichwa vya SFP vilivyogandishwa ncha zote mbili. Ni rahisi, haina vumbi la kusafisha. Kwa swichi za laini moja ningeichukua bila kufikiri. Kwa laini tofauti inabidi kila kichwa kiandikwe kivyake, na kikigoma kimoja umepoteza kebo nzima, wala hakuna namba za mwanga za kukuonyesha tatizo. Hapo nachagua SFP mbili na pachi kodi ya mita mbili. LR haiungui kwa umbali mfupi, maana mtumaji wake hazidi kile mpokeaji anachostahimili. ER ndiyo inayotaka kipunguza mwanga katikati.

Vibadilishi vya faiba kwenda kebo ya shaba navitaja kwa sababu mtu atauliza. Vinafanya kazi. Vinaongeza pia adapta mbili za umeme, na vya bei rahisi huiacha taa ya shaba ikiwaka hata faiba imekatika.

Ukishaagiza, fanya jambo moja mzigo ukifika, kabla hujafungua mfuko wa pili. SFP iliyoandikwa kwa swichi ya juu na iliyoandikwa kwa swichi ya chini zinafanana kama pacha, na lebo za watengenezaji hazikuambii kitu. Mimi nabandika kipande cha plasta mgongoni, moja naandika JUU, nyingine CHINI. Mzee wa lile jengo alipokuja kuangalia taa zote mbili zikiwaka, alisoma plasta ile akacheka, akauliza kama na yeye anaweza kubandikiwa.